Gramu 126 Juu ya Uyole: Uzoefu Wangu na Kamera Ndogo za Droni

Kwa miaka kadhaa sasa ninarekodi video za harusi na za mashamba hapa Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ninaifanya kwa droni ya FPV, yaani ile ambayo mrushaji huvaa miwani na kuona kila kinachoonekana na kamera ya mbele ya droni, kana kwamba ameketi ndani yake. Watu wanaonisimamisha barabarani huuliza bei ya droni au umbali inaoweza kwenda. Ni wachache mno wanaouliza juu ya kitu kilichonigharimu fedha na usingizi kuliko vyote, nacho ni ile kamera ya pili inayofungwa mgongoni mwa droni ili kurekodi video atakayokabidhiwa mteja.

Mwanzoni mimi mwenyewe niliona kuwa na kamera mbili ni ubadhirifu. Kamera ya rubani imetengenezwa ili picha ifike kwenye miwani upesi, kwa sababu ukichelewa kuuona mti hata kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ukiwa katika mwendo ule, utakuwa umeshaugonga. Upesi huo una gharama yake: picha hubanwa sana, hujaa chenga droni inapopita nyuma ya nyumba, na ukimpelekea mtu aliyekulipa atadhani umemrekodia kwa simu ya zamani. Ndiyo maana warushaji wengi huongeza kamera ya pili ambayo haina kazi nyingine isipokuwa kurekodi kwenye memori kadi yake yenyewe. Ipo mifumo mipya, kama DJI O3 iliyotoka mwaka 2022, ambayo hutuma picha kwenye miwani na papo hapo kurekodi kwa ubora wa 4K, nayo imewapunguzia wengi mzigo huu. Lakini mimi nilianza na droni ya mfumo wa kizamani niliyoinunua mkononi mwa mtu, na habari ninayoisimulia ni ya mtu wa namna hiyo.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam, ambaye ndiye aliyenifundisha kurusha, alinishauri nichukue GoPro Hero 8 Black. Kamera hiyo ina uzito wa gramu 126. Droni yangu ilikuwa ile ya propela za inchi tatu zilizozungushiwa kingo za plastiki, na alikuwa ameifunga kamera kama hiyo kwenye droni ya aina hiyohiyo, nami niliona kwa macho yangu video zake alizorekodi ufukweni, laini kama siagi. Nikanunua. Asubuhi ya kwanza nilikwenda nayo kwenye uwanja mmoja pembeni ya Uyole, nikavaa miwani, nikasukuma mkono wa rimoti. Droni ilipanda kama mtu aliyejitwika gunia la viazi. Kwenda mbele ilikwenda, lakini nilipoishusha kwa kasi ili niipandishe tena karibu na ardhi, kama nilivyozoea nilipokuwa Dar es Salaam, haikupanda. Nilisikia mota zikilia kwa sauti ya juu kabisa, na kwenye miwani nikaona matuta ya viazi yakinijia usoni.

Nilipoiokota, jambo la kwanza nililofanya ni kuzigusa mota. Mbili za nyuma zilikuwa na joto la kawaida. Mbili za mbele hazikushikika. Nilimpigia simu rafiki yangu nikiwa bado nimesimama katikati ya matuta, naye akashangaa: "Kaka, mbona huku Mbezi inaruka vizuri tu?"

Jibu lilikuwa kwenye hilo neno "huku". Mbezi ni pwani. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 15, na ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600, upungufu unakaribia robo. Propela huishikilia droni angani kwa kusukuma hewa chini. Hewa ikiwa pungufu, propela ileile inalazimika kuzunguka haraka zaidi ili kuubeba mzigo uleule. Kwa hapa mjini ongezeko hilo ni kama asilimia 8 ya kasi, ambalo peke yake si la kutisha. Tatizo ni pale unapolijumlisha na uzito, kwa kuwa nguvu inayohitajika ili droni ielee haiongezeki sambamba na uzito bali huutangulia: mzigo ukizidi kwa theluthi moja, nguvu huzidi kwa zaidi ya nusu. Rafiki yangu alikuwa na akiba ya nguvu ya kupandia baada ya kushuka. Mimi akiba hiyo nilikuwa nimeitumia yote kwa kuelea tu.

Hapo ndipo nilipoanza kupima gramu. Mizani yangu ya jikoni haikufaa, kwani ilikuwa ikiruka gramu tano tano, hivyo nilikwenda Mwanjelwa kwa sonara mmoja ninayefahamiana naye. Mbeya ni mlango wa dhahabu ya Chunya, na mizani ndogo za kupimia dhahabu hazikosekani. Mzee yule alifuta sahani ya mizani kwa kitambaa, akaweka droni bila betri: gramu 239. Betri: 101. Kamera: 126, kama ilivyoandikwa. Kisha akachukua kile kishikizo cha plastiki nilichokuwa nikifungia kamera, pamoja na skrubu zake na mkanda, ambavyo mimi sikuwahi hata siku moja kuvihesabu kuwa mzigo, navyo vikasoma gramu 22. Alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Mwanangu, sisi gramu 22 hatuiachi mezani tukaenda kula." Kwa hesabu hiyo droni yenye gramu 340 nilikuwa nimeitwisha gramu 148 zaidi. Muda wa kuruka ulikuwa umeshuka kutoka dakika tano hadi chini ya tatu, na sikuwa na haki ya kushangaa.

Niseme hapa kwamba wenzetu wa Ulaya na Marekani nao huhangaika na gramu, lakini kwa sababu nyingine. Kwao mstari wa gramu 250 una maana katika sheria, na mengi ya matangazo ya kamera nyepesi huandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kubaki chini ya mstari huo. Hapa kwetu hakuna wepesi utakaokuondolea wajibu wa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwenye hifadhi kama Kitulo huwezi kurusha bila ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hata kama droni yako ina uzito wa njiwa. Kwa hiyo nyanda za juu tunapunguza gramu kwa sababu ya hewa yenyewe. Nilichelewa kulielewa hilo kwa kuwa maelezo niliyokuwa nikiyasoma yaliandikwa na watu wa mabondeni.

Njia ya kwanza niliyoijaribu ni ile ambayo warushaji duniani waliitumia kwa miaka mingi: kuivua kamera nguo. Unafungua GoPro ya zamani, unatoa betri, kioo cha nyuma na ganda zima, unabakiza lenzi na bodi yake, kisha unaipa umeme kutoka kwenye betri ya droni kupitia kijibodi kinachopunguza volti. Kinachobaki huwa chini ya gramu 40. Kampuni yenyewe ilikuja kulikubali wazo hilo mwaka 2022 ilipotoa Hero 10 Black Bones, kamera ya gramu 54 isiyo na betri wala kioo, iliyotengenezwa kwa ajili ya droni za FPV. Sikuwa na fedha za kuinunua hiyo, hivyo nikakaa na fundi simu mmoja jioni mbili, tukaifungua ile yangu ya gramu 126 kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao hata nilipokuwa nikiandika mtihani wa kidato cha nne. Ilifanya kazi. Droni ikarudi kupanda kama mshale, nami nikajiona nimemaliza.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na harusi. Mpango ulikuwa rahisi: gari la bibi harusi lisimame nje ya ukumbi, ashuke, nami niizungushe droni pembeni, mbali na vichwa vya watu, kisha niinuke nayo hadi safu ya Milima ya Mbeya ionekane nyuma ya ukumbi. Niliwasha kila kitu mapema, kama mtu makini. Bibi harusi akachelewa kushuka. Wapambaji walikuwa wakirekebisha shela, mama wa kambo wa bwana harusi alikuwa akitafutwa, MC alikuwa akijaza muda. Droni ilikaa chini kwenye lami ya jua la saa saba, kamera ikiwa inawaka, bila ganda na bila upepo. Hatimaye akashuka, nikaruka, na niseme kwa ukweli kwamba huenda ule ndio mzunguko mzuri kuliko yote niliyowahi kurusha. Nilipotoa memori kadi usiku sikukuta kitu. Kamera ilikuwa imejizima kwa joto kabla hata sijanyanyuka.

Kilichoniuma si joto, kwa kuwa joto linaeleweka: kamera iliyovuliwa hutegemea upepo wa mwendo ili ipoe, na ikikaa chini hujipika. Kilichoniuma ni kwamba sikuweza kujua. Kwenye miwani nilikuwa naona kila kitu vizuri, bibi harusi, gari, milima, kwa sababu nilikuwa nikitazama kwa kamera ya rubani. Ile ya pili haikuwa na njia yoyote ya kuniambia kwamba imelala. Tangu siku hiyo ninafuatana na mdogo wangu, ambaye kazi yake ya kwanza kabla hajafanya jingine lolote ni kuinama karibu na droni, kuitazama taa nyekundu ya kamera, na kutamka kwa sauti, "Taa inapepesa, kaka." Asipotamka, sirushi. Kamera inawashwa dakika ya mwisho, na tukisubiri watu, betri inachomolewa. Ile familia niliwarudishia fedha ya sehemu ya droni, na bado mama mzazi wa bibi harusi tukikutana sokoni humwitikia mdogo wangu shikamoo yake kwa furaha, mimi ananiitikia kwa kifupi.

Baada ya hapo nilikwenda upande wa pili kabisa. Kampuni ya RunCam ilikuwa imetoa kamera inayoitwa Thumb, yenye uzito wa gramu 9.8, ndogo kama kiungo cha kidole gumba kweli, isiyo na betri ya ndani, inayorekodi 1080p, ubora ulio chini ya 4K, kwa picha 60 kila sekunde. Sonara alipoiweka kwenye mizani alicheka. Droni haikuhisi kwamba imebeba kitu, na kwa mara ya kwanza niliweza kupita chini ya matawi, kushuka bondeni na kupanda upande wa pili bila kusikiliza mota kwa hofu. Kwa mtu anayejifunza, sijui kamera bora kuliko hiyo, kwani hata ukianguka, kitu chepesi huanguka kwa upole.

Hata hivyo lenzi na kihisi kidogo kiasi hicho vina mpaka. Nilirekodi shamba la parachichi la mama mmoja wa Rungwe, saa kumi na moja jioni, mawingu yakiwa yamefunika Mlima Rungwe na mwanga ukipenya kwa chini. Kwa macho ilikuwa picha ya kalenda. Kwenye video mbingu ilikuwa shuka jeupe, na majani yalikuwa yameganda kuwa bandiko moja la kijani. Mama alitazama kwenye kompyuta yangu hadi mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, ndaga kwa kazi. Ila hii miti yangu umeifanya kama ya plastiki." Alikuwa sahihi. Mchana wa jua kali Thumb hutoa picha nzuri ya kutosha simu. Jioni, ukungu na kivuli cha msitu, yaani nusu ya hali ya hewa ya Tukuyu, si mahali pake.

Jambo jingine lililonichukua muda mrefu ni mtetemo. Kamera ndogo haina uzito wa kuutuliza mwili wake, hivyo kila mtetemo wa mota hupita moja kwa moja hadi kwenye lenzi, na kwa kuwa kihisi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, nguzo za umeme zilikuwa zikijipinda na kucheza kama nyasi zilizo ndani ya maji. Nilikata kipande cha sponji ya godoro nikakiweka chini ya kamera. Mawimbi yakapungua, lakini kila nilipokata kona kamera ikawa inaitikia kwa kichwa kama mzee anayesinzia kanisani. Nikaongeza sponji, nikaongeza mkanda, nikafika gramu 14 za dawa kwa kamera ya gramu 9.8. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye propela moja iliyokuwa na mbonyeo usiozidi ukubwa wa punje ya mchele, tangu ile ajali ya kwenye viazi. Nilipoibadilisha, na kurudisha kishikizo cha plastiki laini kilichochapwa kwa printa, nguzo zikanyooka. Sasa kabla ya kazi ninapitisha ukucha kwenye ukingo wa kila propela, na ukucha ukikwama, hiyo propela inabaki nyumbani.

Kuhusu kutuliza picha, hapa ndipo kamera nyepesi zimekuwa na bahati. Zamani ilibidi ununue kamera kubwa ili upate mwendo laini. Siku hizi kamera nyingi ndogo huandika ndani ya faili la video kumbukumbu za jairo, kile kihisi kinachopima mzunguko, na programu ya bure iitwayo Gyroflow huzisoma kumbukumbu hizo kwenye kompyuta na kuigeuza kila picha kinyume cha mtikisiko wake. Yapo mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia. Kwanza, utulizaji wa ndani ya kamera sharti uzimwe, la sivyo programu itasahihisha kitu kilichokwisha kusahihishwa na video italewa. Pili, shata, yaani kile kinachoamua kihisi kipokee mwanga kwa muda gani, ikiwa ya polepole, kila picha hubeba ukungu wa mwendo, na programu ikishaituliza picha, ukungu hubaki bila mwendo ulioufanya, hivyo mtazamaji anaona nyumba imesimama imara lakini inafifia na kurudi bila sababu. Wakati wa jua la mchana nafunga filta ya ND8, inayopunguza mwanga hadi sehemu moja ya nane, ili shata isiwe kali mno. Jua likizama naivua mara moja, hata kama picha itaingia chenga. Chenga mteja husamehe.

Mpangilio wangu wa leo si mwepesi kabisa wala si mzito. Nilibadilisha fremu kwenda ile ya propela za inchi tatu na nusu, ambayo kwa hewa ya huku imenipa nafasi ya kubeba kamera ya gramu 50 hadi 60, na kwa harusi na video za makampuni ya chai ninafunga ya kundi hilo, lenye 4K. Betri nimeisogeza nyuma kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu kamera hukaa mbele na ndiyo iliyokuwa ikizichemsha zile mota mbili. Sasa baada ya kutua ninazigusa zote nne na joto lake halipishani. Miezi ya Juni na Julai, ambapo asubuhi za Makete huwa na barafu kwenye majani, betri hukaa ndani ya koti hadi dakika ya kuruka, maana betri ya baridi hushuka volti ghafla na uzito wowote wa ziada hujitokeza hapohapo. Thumb nimebaki nayo kwa sehemu za kubana na kwa mazoezi.

Hiyo Thumb iliwahi kunipotea. Tulikuwa kwenye chai ya wakulima wadogo karibu na Tukuyu, nikiifuata mistari ya mashamba kwa chini kabisa, na propela ikagusa tawi la mti wa kivuli. Droni ilianguka mita chache kutoka nilipokuwa, ikiwa nzima, lakini kishikizo kilikuwa kimepasuka na kamera haikuwepo. Kitu cheusi cha gramu tisa ndani ya chai iliyokomaa hakitafutwi, kinaombewa. Tulitafuta hadi giza. Kesho yake mchana mwenye shamba alinipigia: mama mmoja alikuwa akimwaga majani ya kikapu chake kwenye mizani ya kituo cha kununulia, na katikati ya majani kikadondoka kitu alichodhani ni kiberiti cha gesi. Nilimpelekea kanga na soda, naye akataka kuona hicho "kiberiti" kinafanya nini.

Sikuweza kumwonyesha. Kamera isiyo na betri ikichomoka kwenye waya hufa papo hapo, na faili iliyokuwa ikiandikwa hubaki haijafungwa. Kompyuta iliiona ina ukubwa lakini ilikataa kuifungua. Ilinichukua jioni nzima na programu ya Untrunc, ambayo huchukua faili zima lililorekodiwa na kamera ileile na kulitumia kama kielelezo cha kuunganishia lile lililovunjika. Video ilirudi hadi sekunde ya mwisho: mistari ya chai, kivuli cha droni kikikimbia juu yake, tawi, kisha anga tupu. Niliituma kwa simu ya mwenye shamba ili amwonyeshe yule mama. Siku iliyofuata nilipita kwa fundi viatu pale Soweto, nikanunua uzi wa nailoni wa kushonea soli, na sasa kila kamera yangu imefungwa kwenye fremu kwa uzi huo mbali na skrubu zake, na imebandikwa kipande cha utepe wa rangi ya chungwa. Vyote viwili kwa pamoja, kwa mizani ya sonara, ni gramu moja na nusu.